Rai za Jioni: Filamu na Watazamaji Wake katika Nchi ya Majani Chai

Jioni, katika miinuko ya Kericho na Bomet, mvua ya alasiri ikiisha kunyesha na majani ya siku yakiisha kupimwa na kupakiwa katika lori liendalo kiwandani, watu waliosimama tangu alfajiri baina ya mistari ya michai, na unyevu wa shamba ungali katika nguo zao, hukusanyika penye paa na umeme ili watazame filamu. Na filamu ikiisha hawaondoki mara moja, bali hukaa, wakarudia waliyoyaona, wakasifu, wakalaumu, wakabishana hata usiku ukawa mkubwa. Habari ya kutazama filamu imeandikwa na wengi. Habari ya maneno yasemwayo baadaye haijaandikwa ipasavyo, na hiyo ndiyo niliyoikusudia katika makala haya, kwa kuwa naamini kwamba katika maneno hayo imo tahakiki ya kweli, yenye kanuni zake, ambayo watengenezaji wa filamu wa nchi yetu wangepata faida kubwa lau wangekaa kuisikiliza.

Watazamaji hao si watu wa namna moja. Tangu miaka ya 1920, makampuni ya Brooke Bond na James Finlay yalipoanza kupanda chai kwa wingi katika Kericho, juu ya ardhi ambayo kabla ya hapo Wakipsigis walikuwa wakiishi na kuchunga mifugo yao, makambi ya wafanyakazi yalijaa Waluo, Wakisii, Waluhya na wengineo, wakakaa ukuta kwa ukuta na wenyeji. Na madhali hapakuwa na lugha moja ya nyumbani iliyowatosha wote, Kiswahili kikawa lugha ya mizani, ya zahanati, ya uwanja wa mpira, na mwishowe ya filamu. Nje ya makambi wako wakulima wadogo wenye michai yao wenyewe, wapelekao majani katika viwanda vya KTDA, shirika lililoasisiwa mwaka 1964: Litein na Kapkatet upande wa Kericho, Mogogosiek, Kapkoros na Tirgaga upande wa Bomet. Hao wameleta katika mazungumzo ya filamu desturi ya kokwet, yaani baraza la majirani la Wakipsigis, ambamo shauri halikatwi mpaka kila mwenye neno amelisema na kusikilizwa. Mgeni akiingia katika kibanda cha video huko Kapsoit au Silibwet, akasikia mtu mzima akisema, kwa utulivu kamili, kwamba hakubaliani na hukumu iliyotolewa juu ya stelingi, yaani shujaa wa filamu, na kwamba ana hoja tatu, asidhani kwamba anasikia upuuzi wa watu waliokosa kazi. Anasikia baraza.

Filamu na shamba kubwa ni jamaa wa zamani katika Afrika Mashariki. Mwaka 1926 Mwingereza mmoja, Meja L. A. Notcutt, aliyekuwa mkurugenzi wa mashamba makubwa katika nchi hizi, alifikiri kwamba sinema ya shambani ingeweza kuwafanya wafanyakazi waridhike na wasiondoke. Fikra hiyo haikumtoka. Miaka tisa baadaye, kwa fedha za Carnegie Corporation ya Marekani, akawa mmoja wa waongozi wa jaribio kubwa la sinema ya mafundisho lililofanyiwa Vugiri, katika milima ya Usambara, kati ya mwaka 1935 na 1937, ambapo zilitengenezwa filamu thelathini na tano juu ya afya, kilimo, kuweka akiba na mengineyo, sauti zake zikiwa katika sahani za gramafoni kwa Kiswahili na lugha nyingine za wenyeji. Lori likazichukua kutoka nchi hata nchi, Kenya ikiwamo, likatandaza kitambaa cheupe penye uwanja, na watu wakaja kwa maelfu. Katika kumbukumbu za jaribio lile limo jambo la kusifiwa na jambo la kulaumiwa. La kusifiwa ni kwamba waongozi wake walitazama nyuso za watazamaji na kuandika waliyoyaona. La kulaumiwa ni kwamba walitaka kujua kama somo limeingia, na wala si kama mtazamaji analo la kumjibu mwalimu. Na baina ya mambo hayo mawili pana umbali mkubwa, ambao hata leo haujafupika sana.

Kipo kisa kimoja mashuhuri kielezacho umbali huo kuliko maneno yangu yote. Profesa John Wilson wa London alisimulia kwamba filamu ya usafi, iliyoonyesha pole pole namna ya kuondoa maji yaliyotuama karibu na nyumba, ilionyeshwa katika kijiji kimoja cha Afrika, na watu walipoulizwa wameona nini, wakajibu kwamba wameona kuku. Watengenezaji wakastaajabu, maana hawakujua kwamba kuku amo katika filamu yao. Wakaipitia picha kwa picha, wakamkuta kuku akipita pembeni kwa nukta moja tu. Mwanachuoni wa Kanada, Marshall McLuhan, alikieneza kisa hicho katika kitabu chake cha mwaka 1962, na tangu hapo kimetumiwa mara nyingi kuwa ushahidi kwamba mtu asiyesoma hajui kutazama picha. Mimi nakisoma kinyume. Watu wale waliona kitu cha kweli ambacho watengenezaji wenyewe, wenye chombo na elimu, hawakukiona. Na kama mtu angewauliza swali la pili, yaani kwa nini kuku yule amewavutia kuliko maji, huenda wangempa habari za kijiji, za mali ya mwanamke, za mwewe na za chakula, ambazo zingemfaa katika filamu yake ya pili. Swali hilo la pili halikuulizwa.

Wachumaji wa Kericho na Bomet wanaye kuku wao. Likipita katika televisheni tangazo la chai, na ndani yake mwanamke mzuri mwenye tabasamu anakata majani katika shamba la kijani lisilo na tope, wao hawatazami tabasamu, hutazama vidole. Wataona mara moja kwamba amechukua jani kongwe la chini badala ya majani mawili na chipukizi. Kwamba hana aproni ya nailoni wala viatu vya mpira, ilhali umande wa asubuhi peke yake hulowesha mtu hata kiunoni. Kwamba kikapu kimekaa mgongoni pake kama kwamba hakina kitu ndani, na kweli hakina. Mwenye kusikia maneno hayo kwa wepesi atadhani ni mzaha wa watu wa kazi. Lakini huo ndio mlango wa tahakiki yote. Mtu ambaye kwa miaka mingi riziki yake imetegemea kutambua jani lipi lichumwe na lipi liachwe amejifunza kutazama, na jicho hilo haliachi shambani aingiapo katika ukumbi.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya watazamaji hawa ni kazi. Huuliza stelingi anaishi kwa kazi gani. Huuliza ni nani anayemkamia ng'ombe wake muda wote anaposafiri kulipiza kisasi. Filamu za mapigano za Hong Kong, tangu zile za Bruce Lee zilizosambaa duniani baada ya kufa kwake mwaka 1973, zilipendwa katika makambi kwa sababu ambayo wachambuzi wa mijini hawaitaji mara nyingi: ndani yake mna kufundishwa kazi, mna bwana na mwanafunzi, mna kuchota maji na kupasua kuni kabla ya kuruhusiwa kurusha ngumi. Na filamu ya Kihindi iitwayo Sholay, iliyotoka mwaka 1975, wazee wanaoikumbuka huikumbuka kwa ajili ya hukumu. Thakur, aliyekatwa mikono yote miwili na jambazi Gabbar Singh, anastahili kumwua kwa miguu yake, au ampeleke kwa polisi? Wakaguzi wa filamu wa India, katika siku zile za hali ya hatari, waliwalazimisha watengenezaji wabadilishe mwisho ili polisi wafike na kumchukua jambazi; nami nilipowaeleza wazee fulani habari hiyo, hawakushangaa hata kidogo, wakasema kwamba siku zote walihisi mwisho ule umeshonwa kwa uzi mwingine. Rai hiyo ilikuwa sahihi, na waliifikia pasipo kusoma popote, kwa kuifuata hadithi yenyewe kwa insafu.

Haiwezekani kuzungumza juu ya rai za filamu katika Kenya bila kumtaja DJ Afro, ambaye jina lake la kuzaliwa ni James Mugo Muigai. Yeye huchukua filamu za Kichina, za Kihindi na za Kimarekani, akazisimulia upya kwa Kiswahili cha mitaani, juu ya sauti za wenyewe, akawapa wahusika majina, tabia na aibu za kwetu. Tanzania ilikuwa naye Lufufu, yaani Derek Gaspar Mukandala, aliyefanya kazi ya namna hiyo Dar es Salaam. Na Uganda wanao wasimulizi wao, VJ Jingo akiwa mmoja wa wanaojulikana sana. Wapo wanaosema kwamba watu hawa wanaharibu kazi za wenzao. Sikubali. Msimulizi mwema hafasiri tu, bali hutoa rai wakati filamu inakwenda: humkemea mwoga, humwonya mwenye kupenda kabla hajasalitiwa, humkumbusha mtazamaji kwamba yule mzee aliyepita mlangoni mwanzoni ndiye huyu arudiye na upanga. Anafanya kazi ya mhakiki na ya mtambaji wa ngano kwa mara moja, na maelfu ya vijana wa nchi ya chai wamejifunza kutoka kwake kwamba filamu ni kitu unachoweza kukijibu.

Walakini ninayo lawama moja, nayo naitoa kwa heshima. Msimulizi huogopa kimya. Mahali ambapo mtengenezaji ameacha uso wa mtu useme peke yake, yeye hujaza maneno, na mtazamaji aliyekulia katika maneno hayo hukosa subira akutanapo na filamu itakayo atulie. Nimeona hivyo kwa Kati Kati, kazi ya Mbithi Masya ya mwaka 2016, filamu nzito juu ya watu waliokufa na wasioweza kuendelea na safari yao. Vijana waliinuka mmoja mmoja, na mzee aliyebaki hata mwisho ndiye peke yake aliyeweza kunieleza ilihusu nini. Akasema ilihusu deni.

Filamu za Kenya za miaka hii ishirini zingestahili kuonyeshwa zaidi katika nchi ya chai kuliko zinavyoonyeshwa, maana nyingine zimetengenezwa kama kwamba zilijua kwamba watazamaji wa namna hii wapo. Katika Nairobi Half Life ya David Tosh Gitonga, iliyotoka mwaka 2012, kijana Mwas anaanza maisha yake kijijini kwa kuuza filamu za kigeni, na ili aziuze huigiza mbele ya wateja yale yaliyomo ndani, akawa yeye mwenyewe ndiye stelingi na ndiye adui. Katika Supa Modo ya Likarion Wainaina, iliyoonyeshwa Berlin mwaka 2018, msichana Jo, aliye mgonjwa wa kufa, anapenda filamu za mashujaa kiasi kwamba kijiji kizima kinamkubalia ndoto yake na kumtengenezea filamu ambayo yeye ndiye shujaa. Watoto wa makambini huipenda hiyo ya pili bila masharti. Wakubwa huisifu kwa jambo jingine, yaani kwamba mama yake Jo anaruhusiwa kukasirika. Kwamba hakufanywa mtakatifu kwa kuwa ana mtoto mgonjwa.

Lakini filamu iliyosababisha maneno mazito kuliko zote nilizozisikia zikizungumzwa ni Something Necessary ya Judy Kibinge, ya mwaka 2013. Inamhusu Anne, mwanamke wa Bonde la Ufa aliyempoteza mumewe na nyumba yake katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, na Joseph, kijana wa kundi lililofanya uovu ule, ambaye majuto yanamtesa asijue pa kuyapeleka. Msomaji akumbuke kwamba katika machafuko yale makambi ya mashamba ya chai ya Kericho nayo yalishambuliwa, na wafanyakazi wengi wa makabila mengine wakakimbia, baadhi yao wasirudi tena. Kwa hiyo mtu akiitazama filamu hii Kericho, pembeni yake pengine ameketi mtu aliyekimbia, na mbele yake ameketi mtu aliyebaki, na wote wawili hupima majani katika mizani moja kila siku. Nilitazamia kwamba hawatasema neno. Wakasema, wala hawakusema juu yao wenyewe, bali juu ya Joseph. Kijana mmoja alishikilia kwamba majuto yasiyotamkwa mbele ya mwenye kudhulumiwa ni starehe ya mkosaji. Mama mmoja akamjibu kwamba kutamka nako kwaweza kuwa dhuluma ya pili, kama mwenye kudhulumiwa hajakuomba. Hoja zikaenda na kurudi hivyo kwa muda mrefu, kila mmoja akimtetea au kumshitaki mtu asiyekuwapo, na mimi nikaelewa kwamba hapo filamu imewapa kitu ambacho mikutano yote ya amani, pamoja na hotuba zake, haikuwapa: imewapa mtu wa tatu wa kumzungumzia.

Ya karibuni ni Nawi, iliyotoka mwaka 2024 na kuchaguliwa kuiwakilisha Kenya katika mashindano ya Oscar. Hadithi yake ilitoka katika shindano la uandishi alilolishinda Milcah Cherotich, na waongozi wake ni wanne, Vallentine Chelluget akiwa mmoja wao. Nawi, anayechezwa na Michelle Lemuya Ikeny, ni msichana wa miaka kumi na mitatu wa Turkana aliyefaulu mtihani wa darasa la nane kwa namna ya ajabu, na ambaye baba yake anataka kumwoza kwa mume mtu mzima ili apate mifugo. Watu wa Bomet wako mbali na jangwa la Turkana, mvua yao haikosi. Hata hivyo niliwasikia akina mama wakiijadili filamu hii kama habari ya jirani. Mmoja aliuliza wanawake wa boma lile walikuwa na nguvu gani hata wasisimame wote kumtetea mtoto. Mwenzake akamwambia, "Walikuwa na nguvu ile ile tuliyokuwa nayo sisi, dada, siku yule binti wa ng'ambo alipoacha shule akaingia shambani kuchuma." Hakuna aliyeongeza neno kwa muda. Kisha wakaanza kuikosoa filamu, na kosa waliloliona ni kwamba imemfanya msichana awe hodari mno darasani. Wakauliza: na yule wa katikati, asiyekuwa wa kwanza katika kaunti nzima, yeye aozwe? Swali hilo sijaliona katika maandishi yoyote ya wahakiki wa magazetini, nami nimelisoma suala la Nawi kwa bidii. Ni lawama ya haki. Filamu nzuri imelitetea jambo jema kwa hoja iliyo nyembamba kuliko jambo lenyewe, na walioona wembamba huo ni watu walio na mabinti wa katikati nyumbani kwao.

Imebaki filamu moja, ambayo haikutengenezwa kwa ajili yao bali juu yao. Mwezi wa Februari 2023 BBC ilitangaza uchunguzi wake juu ya mashamba ya chai ya Kericho, ambamo zaidi ya wanawake sabini waliieleza kwamba wasimamizi wao waliwataka kimwili ili wapewe au wasinyang'anywe kazi, na mwandishi aliyejifanya mtafuta kazi akanasa kwa kamera ya siri baadhi ya mambo hayo. Dunia ilishituka, Bunge la Taifa la Kenya likaamuru uchunguzi, makampuni yakatoa maelezo na kuwasimamisha watu. Naisifu kazi ile bila kuficha, kwa kuwa ilisema lililokuwa likinong'onwa kwa miaka mingi, na wanawake waliokubali kusema walifanya ushujaa ambao stelingi wa sinema hajawahi kuufanya. Lakini filamu ile ilikwenda Uingereza kwanza, ikasemwa na wanywaji wa chai na wauzaji wa chai, na ikarudi Kericho kwa simu za mkononi, vipande vipande, mtu akiitazama peke yake chini ya blanketi asionekane. Rai ya wachumaji juu yake haikukusanywa na mtu. Yale machache yaliyonifikia hayakuwa ya kuikataa. Yalikuwa ni ya kuikamilisha. Mmoja alisema kwamba filamu imeonyesha mlango wa ofisi, lakini haikuonyesha mizani, ambapo kilo za mtu zaweza kupunguzwa kwa kalamu mpaka yeye mwenyewe aende mlangoni. Mwingine alitaka kujua mbona hawakuulizwa waume zao, ambao baadhi yao walijua.

Hizi ni rai za watu wanaojua kutazama, nazo zinaihusu filamu iliyowahusu kuliko mtu mwingine yeyote. Kumbi za makambi zingalipo, na nyingine zina viti na umeme. Ninawaomba wenye filamu ile, na mamlaka za filamu za Kenya pamoja nao, wailete huko, yote, na maelezo yake yawe kwa Kiswahili na kwa Kikalenjin. Waonyeshwe wanawake kwa siku yao, na wanaume kwa siku yao. Baada yake pawe na wasaa wa kusema bila kamera, na awepo mwandishi wa kuyaandika yasemwayo pasipo majina. Na jioni hiyo nyapara asikae mlangoni.